Siku Tata Alipomkaribisha Mpiga Gitaa

Ninayo siku moja kichwani, mwanangu, kila nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka mke wangu anauliza kama homa imenipanda. Keti nikusimulie, maana jana, jirani yangu, ulinijia umenuna, ukasema binti yako Koku anataka muziki uwe ndiyo kazi yake, nawe hutaki hata kumsikia.

Kwetu Muleba, enzi hizo, kila mzazi Mkatoliki aliomba Mungu amjalie angalau padri mmoja. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa ameshaniteua mimi. Hakuniuliza! Mimi roho yangu ilikuwa kwenye gitaa. Nilipomwambia, alisimama katikati ya kibanja, shamba letu la migomba, panga mkononi, akasema, "Siku utakayopanda jukwaani na hilo dude, usiniite baba tena." Na Tata hakuwa mtu wa mzaha. Lakini kipendacho roho hula nyama mbichi. Nikaenda Bukoba, bendi moja ya Rwamishenye ikanipokea. Muda mrefu sikukanyaga nyumbani. Nilimkumbuka baba yangu, mwanangu, nilimkumbuka hadi chakula hakishuki.

Kisha dada yangu akapata mchumba. Baba mdogo alipewa kazi ya kutafuta muziki wa sherehe ya kumuaga, akatuita sisi. Mjanja yule, alijua anachofanya. Tata hakuambiwa.

Sasa mila yetu unaijua: mgeni akiingia, mwenye nyumba mwenyewe humpa kahawa ya kutafuna kutoka kwenye kikapu kidogo. Kumruka mgeni ni sawa na kumfukuza. Tukaingia mchana kweupe, tumevaa mashati ya maua yanayofanana, tumepanga mstari. Tata, kanzu nyeupe na koti, anacheka na kila mtu. Akampa mpiga ngoma. Akampa mwimbaji. Akafika kwangu, mkono ukagoma. Najiambia, leo nafukuzwa mbele ya ukoo mzima.

Bibi, mama yake Tata, alikuwa ameketi kwenye mkeka. Akauliza kwa sauti, "We, mbona umeganda? Huyo ni nani?"

"Ni mwanangu," Tata akajibu bila kufikiri.

"Ehee! Wageni umewapa, mwanao unamnyima?"

Watu wakaangua kicheko. Tata akajikaza, akajikaza, akashindwa. Akacheka hadi koti likatikisika. Akanimiminia kahawa viganja vikajaa. "Tafuna," akasema. "Na ukipiga ovyo mbele ya wakwe zangu, utanitambua."

Waitu, jamani, nilipiga! Mcheza kwao hutunzwa, na aliyeanza kunitunza ni yeye, akanibandika noti kwenye paji la uso, jasho linamtiririka. Sijawahi kufurahi vile tena.

Tangu hapo akawa mkali kuliko kiongozi wa bendi. Akija mjini lazima apitie mazoezini. "Mbona wenzako wamefika kabla yako? Kazi ni kazi!" Ukali ule, mwanangu, ndio ulionifanya nile kwa gitaa na kusomesha watoto.

Basi nasaha yangu ni hii. Usimlazimishe Koku achague kati ya wimbo na baba yake. Atachagua wimbo, nawe utabaki na migomba yako ukiongea peke yako. Msikilize kwanza. Mtafutie mwalimu. Mdai awahi, ajifunze, aheshimu kazi, asitie saini karatasi asiyoielewa. Muziki una njaa yake, sikufichi. Basi akirudi na njaa, akute mlango wa kwenu uko wazi. Wengi watamshangilia, lakini kabla ya kufungua mdomo mtoto huangaza macho ukumbini akimtafuta mzazi wake. Asipomwona, huimba hivyo hivyo, ila nusu ya furaha imekwenda.

Jumamosi anaimba kwenye ukumbi wa Bakoba, pale pale mjini Bukoba. Aliniambia mimi, wewe alikuogopa. Mimi kanzu nimeshaipiga pasi, na kiti cha mbele nimekuwekea.

Mungu akupe moyo mpana, mwanangu. Ampe Koku pumzi ndefu na nyimbo zisizokauka, na nyumba yako isiishe vicheko. Haya, inuka. Nenda ukamwambie utakuja.