Kovu la Shavu la Kuume

Nakumbuka Jumamosi moja kule Shively, mji mmoja wa huku ughaibuni, mwanangu, nikiwa bado kijana mwenye kichwa kikubwa. Nilikuwa nimenunua kamera ya dijitali kwa mshahara wa kupakia maboksi, na nilikuwa nimejifunza kuhamishia picha za filamu za zamani kwenye kompyuta. Kazi yenyewe si ngumu. Unalaza filamu juu ya tableti yenye mwanga mweupe, unaipiga picha kutoka juu, kisha kompyuta inageuza weusi kuwa weupe na weupe kuwa weusi. Watu wetu kanisani walinisifu, na sifa hizo zilinilevya.

Siku hiyo Mama Ombeni alikuja kutoka Columbus, safari ya zaidi ya saa tatu. Alikuwa na kipande kimoja tu cha filamu, alichokivusha mipaka ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kilikuwa na picha ya mwanawe Ombeni, aliyepotea tulipokimbia vita kule Kivu Kusini. Picha nyingine zote ziliungua pamoja na nyumba. Alitaka hii tuisambaze kwa simu hadi kwenye kambi za wakimbizi, pengine mtu angemtambua.

Niliifanya kwa dakika kumi. Kijana akatokea kwenye kompyuta, amesimama mbele ya ukuta, ana kovu refu shavuni. Mama akalia, akaigusa skrini. Kisha akaangalia tena.

"Kovu ya Ombeni iko ku shavu ya kuume," alisema. "Hapa umeiweka ku kushoto."

"Bon, mama, miaka ni mingi. Aparei ya picha haisahau, watu njo wanasahau."

"Mi njo nilikuwa namupakalia dawa."

Nilicheka, mwanangu. Nikamwambia apumzike, nikaituma picha na namba yangu ya simu chini yake. Naona haya hata kukusimulia.

Miezi mitatu baadaye mwanamke mmoja aliniandikia kutoka kambini Tanzania. Kulikuwa na mgonjwa huko ambaye hakuwa amesema neno tangu vita, na kwa kuwa hakuna aliyemjua, watu walimwita Bubu. Anafanana sana na yule wa pichani, aliandika, ila kovu lake liko kuume. Nikamjibu kwamba basi si yeye. Mama Ombeni sikumwambia kitu. Nilijiona namwepushia uchungu.

Mwaka uliofuata nilihamia Buffalo. Mchana mmoja mwenye duka wa mtaa wa Grant alinipa filamu za harusi yake nizihamishe pale pale dukani, na kwenye kompyuta maandishi ya bango la kanisa yakatokea kinyumenyume. Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo nilipaswa kulijua tangu mwanzo: filamu ina pande mbili, na ukiilaza upande usio wake, kuume kunakuwa kushoto, kama kwenye kioo. Nilimpigia yule mwanamke wa kambini papo hapo. Akaniambia Bubu walikuwa wamemzika wiki mbili zilizopita.

Sikuweza kumwambia Mama Ombeni kwa simu. Nilipanda basi hadi Columbus, nikapiga magoti kwenye kapeti ya nyumba yake huko Northland, nikamweleza yote. Hakunitukana. Aliuliza jambo moja tu.

"Walimuzika na jina gani?"

Nikamwambia. Alijifunika uso kwa kitenge.

Mwanangu, wewe uliyekulia huku na unayezijua mashine kuliko sisi sote, nisikilize. Anayekuletea picha ya mtu wake alimlea kwa mikono yake. Akikuambia hapa pana kosa, simama, angalia upya, hata kama una hakika. Usitume kitu kabla mwenyewe hajasema ndiyo. Na habari ya mtoto ikikufikia, ipeleke kwa mama yake hata kama unaona haifai. Kuikubali au kuikataa ni kazi yake, si yako.

Mungu akupe macho mazuri, na masikio mazuri zaidi. Akuepushe na siku ya kumtajia mama jina ambalo si yeye aliyempa mwanawe.