Chupa Kumi na Mbili za Karani Protase

Protase Byabato alikuwa mtu wa viatu. Wengine huvaa viatu tu. Yeye aliishi kwa ajili ya vyake, jozi moja ya ngozi ya kahawia aliyoipata Bukoba mjini, akaileta kijijini kwetu Kibingo mwaka wa 1953 ikiwa imeviringishwa kwenye gazeti nyuma ya baiskeli, huku mwenyewe akikanyaga pedali peku. Alikuwa mzaliwa wa Muleba, mtoto wa Wakatoliki wa kuheshimika, na alipofika kwetu tayari alikuwa karani wa Bwana Samaki, kama tulivyomwita afisa wa serikali wa mambo ya uvuvi. Cheo chenyewe kilikuwa kidogo kuliko alivyokitembeza.

Kazi yake ilikuwa hii. Chini ya Kibingo, pale matete ya mto Kagera yanapoacha nafasi, kuna ziwa dogo ambamo wanawake huchota uduvi kwa vikapu vya mafunjo. Uduvi wenyewe ni mdogo, hauzidi pingili moja ya kidole. Huanikwa, hutwangwa na chumvi, hutiwa kwenye maharage na ndizi miezi ya kiangazi, ng'ombe wanapokauka maziwa. Wanaume huula nyumbani na kuukana wakifika kwenye pombe ya rubisi. Bwana Samaki alitaka kujua majike huzaa miezi gani, watu wasije wakamaliza mbegu. Akampa Protase chupa kumi na mbili za spiriti na fomu kumi na mbili. Kila mwezi achote uduvi mia, aangalie ni majike wangapi wamebeba mayai chini ya tumbo, aandike.

"Chota mwenyewe," alimwambia. "Usipewe na mtu."

Sasa, kuchota uduvi ni kazi ya kike. Unaingia majini hadi kiunoni, nguo umeipandisha, tope linakufyonza miguu. Mwezi wa kwanza Protase alifika ukingoni, akawaona wanawake wanamtazama, akaviangalia viatu vyake, na hapo safari yake ya majini ikaishia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini huyu bwana alitaka cha mvunguni kimfuate kitandani. Akamwita mjane mmoja, Verdiana, mkubwa wa wachotaji wote, akamtaka amletee uduvi mia pale kwenye nyasi kavu. Verdiana akamletea. Mwezi wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Kwenye kila fomu, palipoandikwa mchotaji, Protase aliandika jina lake kwa mwandiko wa madaha. Palipoandikwa wenye mayai, aliandika sifuri.

Sifuri kumi na mbili. Mtu mwingine angejiuliza viumbe wasiozaa wanatoka wapi kila mwezi. Protase hakujiuliza. Jambo pekee lililomshangaza ni doa la kijani nyuma ya kichwa cha baadhi yao, ndani ya lile gamba linalopitisha mwanga, naye akaliandika kuwa ni chakula ambacho hakijasagika.

Bwana Samaki alipozisoma fomu alisikitika kwelikweli. Ziwa lisilo na mama hata mmoja mwaka mzima ni ziwa linalokufa, akasema, na ikatoka amri: hakuna kuchota uduvi kwa miaka miwili, na atakayekutwa na kikapu apelekwe kwa mkungu Kahigi, mkuu wa kijiji. Aliyeisoma amri hiyo barazani ni Protase mwenyewe, mara moja kwa Kiswahili na mara ya pili kwa Kinyambo, viatu vinang'aa. Wanawake waliinuka, wakaondoka. Yeye akadhani wameelewa.

Kesho yake asubuhi Verdiana alifika nyumbani kwake. Alipiga goti kumsalimu, ingawa umri wake ulitosha kumzaa, na Protase akaipokea salamu hiyo kama haki yake.

"Waitu, bwana karani, nimekuja kuuliza. Tumekosa nini?"

"Mmewamaliza mama zao," Protase akasema. "Mwaka mzima sijaona yai. Hesabu haisemi uongo."

"Naomba nizione hizo chupa."

Akampa moja, kwa huruma ya mtu anayemwonyesha mtoto saa ya mkono. Verdiana akaisogeza penye mwanga wa mlango, akaigeuza polepole.

"Hili la kijani, hapa shingoni, uliandika ni nini?"

"Chakula."

"Ni mayai, mwanangu. Hayajashuka."

Akaketi chini akamweleza bila kupandisha sauti. Jike huanza kuyatunga mayai huko nyuma ya kichwa, yanakua mpaka rangi inaonekana nje. Kisha hujivua gamba, na angali laini dume humfuata, ndipo mayai yanaposhuka na kunata kwenye vijiguu vya tumboni. Huko anayapepea kwa vijiguu hivyo hivyo, mchana na usiku, kwa maana yasipopepewa huoza. Yakikaribia kuanguliwa, rangi hufifia, na kila yai huonyesha vidoti viwili vyeusi.

"Hayo ni macho," alisema. "Na mara nyingi wa tumboni hawajatoka, shingoni pameshakuwa kijani tena. Kama sisi tu, mmoja mgongoni, mwingine tumboni."

"Basi hao wenye mayai tumboni wako wapi?" Sauti ya Protase ilikuwa imepungua.

"Majini. Tukichota, tunawachagua na kuwarudisha kabla hatujatoka. Mama zetu walifanya hivyo, na sisi tunafanya hivyo. Hata binti aliyeanza kuchota jana anajua." Akamtazama miguuni. "Nami nilidhani unajua. Hukuingia, na hukuuliza."

Aibu ilimshika Protase. Mwaka mzima wanawake wale walikuwa wakiwaokoa mama mmoja mmoja kwa vidole vyao, hatua ishirini kutoka alipokuwa amesimama, na yeye akaugeuza wema wao kuwa kosa. Ushahidi ulikuwa ndani ya chupa zake, na juu yake alikuwa ameandika chakula. Verdiana aliaga, akapiga goti tena. Goti la pili lilimuuma kuliko kofi.

Ungedhani alidandia baiskeli siku hiyohiyo kwenda kwa Bwana Samaki. Wapi! Kusema kweli kulimaanisha kusema kwamba jina lile kwenye fomu zote lilikuwa uongo, na karani mwongo si karani tena. Akajiambia Bwana Samaki yuko safarini. Akajiambia njia ina matope. Wiki tatu zikapita namna hiyo. Jumapili moja jirani alimletea ndizi na maharage, kama ilivyokuwa desturi yake, akamwambia, "Utuwie radhi, karani, mboga ni chumvi tupu. Uduvi hatuna." Alimwomba radhi yeye!

Protase akaenda kuungama. Padre alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi umeniambia. Bwana Samaki je? Mficha uchi hazai, Protase."

Protase alipokwenda kumweleza, Bwana Samaki hakufoka. Aliziweka fomu kumi na mbili mezani, moja moja, kila moja na jina lile la madaha juu yake, akamwacha azitazame. Kisha akasema atakuja Kibingo mwenyewe, na Protase achote uduvi mia mbele yake na mbele ya wanawake wote.

Siku ilipofika, Bwana Samaki alisimama kwenye nyasi kavu, palepale pa Protase. Protase alivua viatu akaviweka ukingoni, akajifunga shuka, akaingia. Tope lilimfyonza, akayumba, na hakuna aliyecheka. Angeshukuru kama wangecheka.

"Shikamoo, mama," alimwambia Verdiana, aliyekuwa ameshaingia majini kumwelekeza. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Marahaba. Pitisha kikapu chini ya mizizi, usikivute upesi."

Alipokiinua, kilikuwa kimejaa mama. Wengine matumbo ya kijani, wengine yamefifia, na kwenye hayo ya kufifia aliyaona macho, meusi, mawili mawili, mamia. Hapo ndipo alipoelewa alichotumwa. Ili ithibitike kwamba wanawake hawaui mama, ilimpasa yeye awaue. Akasimama na kiganja kimejaa, vijiguu vinapepea juu ya ngozi yake, akashindwa.

Verdiana akafungua chupa ya spiriti, akamshikia.

"Tia," alisema. "Wewe na bwana wako ndio mnaotaka kuona. Sisi tulishaona."

Akatia. Kati ya mia, sitini na watatu walikuwa wamebeba. Kule ukingoni wanawake waligeuza nyuso zao upande wa matete mpaka alipomaliza.

Amri ilifutwa kabla ya kiangazi, na Protase alifutwa kazi kabla ya amri. Muleba hakurudi, angewaambia nini watu wa kwao? Mkungu Kahigi alimpa kibanja kidogo cha kulima, akapanda kahawa, akamwoa Kemirembe wa Ihembe, na viatu akavivaa shambani mpaka vikaisha kama vya mtu yeyote.

Kila mwaka, kiangazi kikianza, Verdiana alimletea uduvi mkavu kwenye jani la mgomba. Kemirembe hakuelewa kwa nini mumewe huumwaga kwanza juu ya mkeka, akapiga magoti, akauinua mmoja mmoja karibu na macho. Alikuwa akitazama chini ya tumbo. Miaka yote ile hakukuta yai hata moja, na miaka yote ile masikio yalimwaka kwa aibu. Akimaliza alimpa mkewe apike, akatoka kwenda kukaa chini ya mibuni yake mpaka aitwe kula.