Mahali Theluji Haikukaa

Bosi wetu nilimdharau tangu siku ya kwanza, na sioni sababu ya kuficha. Kijana wa shati lililopigwa pasi, kazi yake mikutano, na rada ya ardhini, ile ya kutafutia mabomba yaliyofukiwa, anaisoma kwa kasi ya mawimbi ile ile iliyowekwa kiwandani, kiangazi na majira ya baridi. Mawimbi ya rada hukimbia zaidi kwenye udongo ulioganda kuliko kwenye udongo wenye maji. Ukikosea kasi, umekosea kina. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua, yeye hajui. Debe tupu.

Kwa hiyo Februari ile, tulipopewa mtaa mmoja wa Hallunda, kitongoji cha huku ughaibuni, ripoti niliiandika mwenyewe. Kulikuwa na nyuzi kumi chini ya sifuri. Mimi na kahawa yangu ofisini, nikaweka kasi ya ardhi iliyoganda kwenye mchoro mzima wa rada, nikalipata bomba la maji moto ya kupashia nyumba liko mita moja na ushei. Nikaandika kwamba mtambo wa kuchimba ushuke hadi sentimita themanini bila wasiwasi.

Mchimbaji alikuwa Mkongo aliyeishi Alby, kitongoji jirani, aliyezoea kuniita Mwalimu. Asubuhi ya kazi akanipigia simu.

"Mwalimu, samahani. Kila mahali iko theluji, ila hapa juu ya bomba haikai. Udongo iko laini. Nishuke tu na mashine?"

"Kazi yako kuchimba," nikamwambia. "Kusoma niachie mimi."

Nilikata simu nikicheka. Mshika usukani anifundishe rada mimi.

Yeye alizima mashine, akashika chepe. Bomba alilikuta kwenye sentimita sabini. Joto lake lilikuwa limeyeyusha udongo wote juu yake, nami nilikuwa nimeupigia hesabu ya barafu. Angenitii, mtambo ungelipasua bomba, na maji yale ya moto yangemrukia mwenzake aliyesimama shimoni akimwelekeza.

Nyani haoni kundule. Kosa lilikuwa lile lile la bosi, kasi moja kwa ardhi yote.

Nilingoja anisemee kwa wakubwa. Hakusema. Bosi akaisifu ripoti yangu mkutanoni, na mimi nikazipokea sifa, nikajiona takataka.

Jumatatu nilimkuta mchimbaji kwenye treni. Nilitamani anitukane. Akaondoa begi lake kwenye kiti.

"Karibu, Mwalimu," akasema, bila kejeli hata chembe.

Nikakaa. Mpaka tunashuka, sikumwomba radhi.