Kiti cha Kushoto

Siku ya tatu baada ya motokari yetu kuanguka katika mfereji wa mashamba ya mpunga, mama mkwe alinilaza kifudifudi juu ya mkeka, akaanza kunikanda. Maji ya moto yenye chumvi kwanza, kisha mafuta ya mawese. Ana vidole vigumu yule mama. Amekanda wanawake waliotoka kuzaa na watu walioanguka toka juu ya michikichi, na huruma yake iliishia huko. Alinibonyeza shingo mpaka nikaona nyota.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Onyesha kwenye kunauma."

Nilimwonyesha shingo na kiuno, basi.

Acha niseme wazi. Motokari yetu ilikuwa na usukani, volani tunavyoiita, upande wa kuume, kama nyingi zinazotujia kutoka Tanzania, na sisi Kongo tunapita upande wa kuume wa barabara. Shofa anayeendesha akiwa nyuma ya kamyo ya mizigo haoni kitu. Anayeona ni yule aliyekaa kushoto. Ukinunua motokari ya namna ile, unatafuta na macho ya mtu mwingine, na macho ya bwana yangu yalikuwa mimi, miaka sita. Mwanzoni nilikuwa nikimpigia kelele, pita, ngoja, pita, mpaka akachoka na sauti yangu. Tukapatana: nikiona kitu, nitasema ngoja. Nikinyamaza, njia iko wazi.

Siku ile tulitoka Kamanyola nikiwa nimevimba kwa hasira. Nilikuwa nimenunua nyanya za kuuza Uvira, naye akaniacha juani tangu saa nne hadi saa nane akisalimia ndugu zake, kila nyumba na kiti chake, kila kiti na maneno yake. Aliporudi alinusa vikapu vyangu, nyanya zimelainika kwa jua, akacheka mbele ya watu, akasema mimi bibi yake siku hizi nauza supu. Supu! Tangu pale sikufungua kinywa. Tulipita njia ya kuingilia Lubarika, kimya. Aliniuliza kama nataka maji ya kunywa, kimya. Nilimchukia kwa moyo wote, na ilinipendeza kumchukia.

Mbele yetu kamyo ya makala ya kupikia ilikuwa ikijikokota. Mimi niliona kamyo nyingine ikitujia, imebeba saruji. Niliiona vizuri sana. Nikajisemea, acha aulize, leo aniombe kama mtu. Hakuuliza. Aulize nini, na kwetu kunyamaza kulikuwa na maana yake? Hilo nililikumbuka akiwa ameshatoka kuipita kamyo ya makala. Alikata volani, tukaruka barabara, tukapinduka mferejini pamoja na nyanya zote. Watu waliokuwa wakilima walitutoa kwa dirisha, yeye mbavu mbili zimevunjika, mimi nimepinda shingo.

Nyumbani makosa yote yalikuwa yake. Mama mkwe alinikanda huku akimtukana mwanawe, aliyekuwa amelala chumba cha pili akisikia kila neno. Alisema alizaa mwanaume anayeendesha kama mwizi anayefukuzwa. Alisema, tungemzika bibi wa watu, wazazi wake tungewaambia nini? Bwana yangu hakujibu. Mimi nami nilinyamaza, tena nikafurahia. Nililetewa chakula kitandani kama niliyejifungua, naye alikandwa baada yangu, kwa maji yaliyokwisha kupoa. Nilipomsikia akigumia nilisema moyoni, na bado.

Lakini niliogopa. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba anajua niliiona ile kamyo. Kama anajua, nilijiambia, sina tena ndoa. Basi kila alipoingia chumbani nilimkaripia kabla hajasema lolote, juu ya viatu, juu ya mlango, juu ya namna anavyotafuna. Alichukua viatu vyake akatoka.

Mwezi wa pili baada ya kuanguka tulikwenda kutafuta motokari nyingine, kwa muuzaji mmoja upande wa Kalundu. Zilizotufaa zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya volani ya kuume, safi, viti bado vimefunikwa na plastiki. Ya pili ilikuwa na volani ya kushoto, shofa anajionea njia mwenyewe, lakini kuukuu, rangi imebabuka, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba. Bwana yangu alisimama kwa ile kuukuu, akaizunguka, akainama kutazama chini yake, akasimama tena palepale. Nikapandwa na hasira. Nilimwuliza mbele ya muuzaji kama siku ile alivunjika mbavu tu au na akili pia. Muuzaji akacheka, akasema mama anajua kuchagua. Nilifungua mlango wa ile safi, nikakaa kiti cha kushoto, kiti changu, nikamwambia bwana yangu aje kushika volani tuijaribu.

Alikuja mpaka dirishani kwangu. Hakupandisha sauti.

"Siku ile ulikamata mulango na mikono mbili," alisema. "Minye nilikuwa naanza tu kukata volani. Weye ulikuwa umeshakamata, na umefunga macho."

Nilitaka kukana. Nilikuwa nimejiambia mara nyingi sana kwamba nilikumbuka kwa kuchelewa, hata mwenyewe nikaanza kuamini. Neno lililotoka lilikuwa lingine, na nililisema kwa ukali, maana ukali ndio ulikuwa umenibakia.

"Na mama yako, kwa nini haukumwambia?"

"Ningemwambia, nani angekukanda?"

Akaenda kwa muuzaji, wakapeana mikono. Kisha akarudi kwa ile motokari kuukuu, akafungua ile kamba, akaushika mlango wa nyuma wazi, akaningoja. Nilishuka, nikaenda, nikapanda nyuma.