Choo Kidogo cha Uani

Hivi wewe, umewahi kuona choo ambacho mtu mzima haenei? Ninacho hapa kwangu Misima! Zamani kina mama wakienda kuuza machungwa Segera walikuwa wananiachia watoto, nami nikiwapigia hadithi mkekani. Siku moja akaja binti wa ustawi wa jamii.

"Shikamoo bibi. Kulea watoto wa watu kunataka leseni. Uwe na uzio, choo chao, na mlezi mwenye cheti."

Uzio nikajenga, choo nikachimbisha. Cheti nikitoe wapi, mimi niliyeishia la pili? Nikawarudisha watoto kwa mama zao. Siku hizi chooni wanaingia kuku, na zile kelele nazitamani mpaka basi.

Mjukuu wangu anasomea malezi Korogwe. Juzi kanipigia simu: "Bibi, mkeka usiugawe. Nakuja na cheti, wewe uje na hadithi."