Joto Linatoka na Wageni

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wakitoka zamu boharini wanapitia huku na kule kunyoosha miguu. Mie napanda basi, nafika, navua viatu, nakaa. Kwa hiyo nyumba yangu naijua kama daktari anavyomjua mgonjwa asiyepona. Iko Edmonton, katika safu ya nyumba zilizoshikana, majirani wametubana kulia na kushoto, na ungedhani kwa kubanwa kote huko ingepata joto. Wapi! Upepo unaingia chini ya mlango, unaingia tundu la barua, unaingia baina ya mbao za sakafu, na unaingia pengine ambapo mpaka leo sijapajua.

Zamani baridi hiyo ilikuwa yetu wawili, mimi na mke wangu. Tukivaa soksi mbili mbili, tukiitukana hali ya hewa, maisha yanakwenda. Kisha mama mkwe akaanza kuumwa magoti, hawezi tena ngazi za kwake, tukamleta kwetu tukampa chumba cha chini. Hapo baridi ikawa si baridi tena, ikawa aibu. Maana mke wangu ana dada yake Wembley, kwenye fleti mpya ya ghorofa, joto linatoka chini ya sakafu. Kila akipiga simu ni wimbo ule ule: "Mama, huku kwangu unatembea peku."

"Umemsikia?" mke wangu akaniuliza jikoni, kwa sauti ya chini. "Mama akenda Wembley kwa ajili ya baridi ya nyumba hii, mimi sura yangu nitaiweka wapi? Watu watasema tumeshindwa hata kumpasha joto mzee mmoja."

"Hendi," nikamwambia. "Niachie mimi."

Mimi, niliyemaliza kidato cha nne na fizikia ya kubahatisha, nikawa mhandisi. Nilinunua sponji za kubandika kwenye fremu, nikabandika. Nilinunua nailoni ya kufunika madirisha, ile unayoipulizia kikausha nywele mpaka inajivuta, nikapuliza, dirisha moja likavutika vizuri na la pili likakunjamana kama uso wangu. Nyuma ya redieta, yale mabati ya ukutani yanayotoa joto, nikaweka karatasi zinazong'aa za kurudisha joto ndani. Na kwa kuwa nimeona kwenye simu kwamba chini ya mlango panatakiwa kitu kizito kirefu, nikachukua kanga kuukuu, nikaishona kama soseji, nikaijaza mchele.

Mama mkwe aliiminya kwa ncha ya fimbo yake. "Hiki nini, mwanangu?"

"Cha kuzuia upepo, mama."

"Ndani?"

"Mchele, mama."

Aliniangalia kama mtu aliyesikia habari ya msiba. Jioni nikakuta soseji yangu imefumuliwa, imejazwa soksi za zamani, na mchele umo kwenye ndoo yake, umepepetwa.

Lazima nieleze kwamba mimi na mama mkwe hatuzungumzi; akiniuliza najibu, basi. Si ugomvi, ni adabu. Kabla sijaingia sebuleni alipo, nakohoa. Akiongea, naangalia chini. Nikitaka jambo, namwambia mke wangu, naye anamwambia mamake, na jibu linarudi kwa njia ile ile, mara nyingine limeshapoa. Tumeishi hivyo miaka na hapana aliyekwazika. Lakini jaribu kuipasha nyumba joto kwa mtindo huo.

Maana baada ya sponji na nailoni na kanga, niligundua kwamba joto letu halitoki dirishani. Linatoka Ijumaa.

Ijumaa alasiri mama mkwe anapokea shoga zake, wanawake wa umri wake, wengine wanatoka mbali, Walthamstow huko, mabasi mawili. Wanakuja, wanakunywa chai, wanakula vitumbua, mimi niko juu chumbani kwa heshima zangu. Hayo mazuri. Shida ni kuondoka. Wanaagana sebuleni wakiwa wamekaa. Wanaagana tena wakisimama. Wanaagana ukumbini wakivaa makoti na viatu. Kisha mlango wa mbele unafunguliwa, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Sebuleni husemwa ya chai tu. Nani kaposwa, nani anaumwa nini na kaficha, nani hasemi na nani, hayo husemwa mguu mmoja ndani, mmoja nje, na mlango wazi kabisa, Januari.

Tuna kidude cha ukutani kinachoonyesha gesi inavyokwenda. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi nikikikodolea macho, nikiona namba zinavyopanda huku boila ya gesi ikinguruma, inapasha moto mtaa mzima wa Edmonton.

"Mwambie mama yako," nikamwambia mke wangu.

"Nimwambie nini? Asiwaage wageni? Una wazimu wewe?"

"Awaage mlango umefungwa."

"Mlango ukifungwa ndiyo umewatoa, huo si uagaji. Mwambie mwenyewe kama unaweza."

Anajua siwezi. Basi nikaanza kushuka. Ijumaa zilizofuata, mlango ukifunguliwa tu, nateremka nasimama ukumbini, mikono nimeikunja, macho nayatupa mlangoni, kama kabati lililosahauliwa na waliohama. Nilidhani wataniona wafahamu. Waliniona, wakanisalimia, wakaendelea.

Ndipo nikapata akili ambayo mpaka leo naionea haya. Jikoni kwetu kuna mlango wa nyuma, na mlango huo una kijibanda cha vioo chenye mlango wake wa pili. Mmoja unaufunga, wa pili ndiyo unaufungua, joto halitoki hata chembe. Viatu vya wageni hukaa mlango wa mbele. Je, vikikaa nyuma? Ijumaa ile, wao wakiwa kwenye chai, nikavibeba vyote taratibu, jozi kwa jozi, nikavipanga kule nyuma vizuri mpaka nikajisifu.

Wakatoka kwa nyuma. Walipita kwenye sinki, wakapita kwenye mapipa ya taka, wakatokea kichochoroni, na ajabu ni kwamba hawakusema neno. Dakika chache, kimya, wameondoka. Kile kidude hakikutikisika. Nilifurahi nusura nipige vigelegele mwenyewe.

Ijumaa iliyofuata walikuja wawili tu. Ya baada yake hakuja mtu. Nyumba ilikuwa na joto zuri sana, na mama mkwe amekaa ndani yake peke yake na sahani ya vitumbua. Na mimi, bwana mhandisi, nikahesabu kuwa ni ushindi.

Jumapili mke wangu akanipigia kutoka kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, analia. "Dada anakuja kumchukua mama leo. Mama mwenyewe kamwita. Umeshindwa, na mimi umenitia aibu."

Nikakohoa mlangoni. Mama mkwe alikuwa anakunja doti zake za kanga kitandani, begi liko wazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita."

Nikaingia. Nikaangalia zulia. Hapakuwa na mtu wa kunipelekea maneno. "Mama, nimesikia unakwenda Wembley. Baridi imekuzidi?"

"Baridi?" Aliacha kukunja. "Mie nimekaa nchi hii tangu wewe hujaota ndevu. Baridi yake naijua. Nakwenda kwa sababu sipendi kumkera mtu kwake."

"Nani umemkera, mama?"

"Mwanangu, usinifanye mtoto. Kila Ijumaa wageni wangu wakiondoka unashuka unasimama umenuna, umekunja mikono kama askari wa dukani anayengoja mwizi. Wakakuvumilia. Wakaniambia labda kachoka. Kisha ukawatoa kwa nyuma, pamoja na taka! Watu wazima, wamekuja na mabasi kuja kunitazama mie na magoti yangu. Ulitaka wafahamu nini zaidi?"

Nilihisi masikio yamepata joto ambalo boila ile haijawahi kuyapa. Nikamweleza yote kwa kugugumia: mlango, gesi, kidude cha ukutani, vioo vya nyuma. Nilivyokuwa naeleza ndivyo ilivyozidi kusikika ujinga. Na nikamwambia kwamba yote hayo nilikuwa nayafanya ili asiende Wembley.

Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Anacheka.

"Ili nisiende," akasema. "Na mdomo huna?"

"Ninao, mama. Nakuheshimu."

"Heshima gani hiyo ya kunifukuzia watu? Leo umezungumza, umekufa?" Akachukua simu, akamwambia mwanawe wa Wembley asije, asubiri, ana shughuli. Halafu akainyoosha ile simu kwangu. "Wapigie. Mmoja mmoja. Waambie wewe, si mie."

Nikawapigia nimesimama pale pale, yeye anasikiliza kila neno. Wa kwanza alinikatia. Wa pili akaniuliza kama safari hii atatolewa kwa dirisha. Yule wa Walthamstow aliniacha nijieleze mpaka mwisho, kisha akasema hakufahamu, nianze upya.

Ijumaa walirudi wote. Doti zilisharudi kabatini, na viatu vilikuwa mlango wa mbele, nimevipanga mimi. Wakala, wakaagana mara zote wanazoagana, mlango ukafunguliwa, upepo ukaingia kifua mbele, na mimi juu kwenye ngazi nikauma meno nikatulia.

"Yuko wapi bwana viatu?" mmoja akaita. "Leo hatuagi?"

Nikashuka. Nikatoka mpaka kizingitini, nikawaaga, nikadhani nimemaliza. Yule wa Walthamstow akanishika mkono akaniuliza habari za mama yangu, za dada zangu, za mtoto wa dada yangu aliyekwenda kusoma, na hakuuachia. Nyuma yangu mlango uko wazi wote na boila inanguruma. Nilikuwa na fulana na kandambili. Meno yakaanza kugongana.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, mbele ya watu wote, "si uvae koti? Huoni baridi hii?"