Matofali ya Bibi

Wiki iliyopita, mtaani kwetu Lizaboni, nilikuta mafundi wamebandua plasta ya zamani ya maktaba yetu. Matofali mekundu yalikuwa wazi, nami nikasimama kuyatazama.

Nilipokuwa mtoto, mchana mmoja balozi wa nyumba kumi alikuja kwetu, nilikoishi na bibi. "Shikamoo, mama. Maktaba tunaijenga wenyewe. Kila nyumba itatoa matofali."

"Tutatoa," bibi alijibu papo hapo.

Mimi niliganda. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali, na nilielewa kwamba yatang'olewa ukutani. Balozi alipoondoka, niliukumbatia ukuta wa chumba chetu nikilia.

"Una nini tena?"

"Mvua ikinyesha tutalala wapi, bibi?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye tanuri la matofali aliyoyachoma ili ajengee jiko lake jipya. Yalikuwa bado na joto, yakinukia moshi na udongo. "Tutatoa haya," alisema. Leo najua kwamba aliendelea kupikia mvuani masika yote yale. Siku ile niliona kicheko tu.

Tulibeba pamoja na wanawake wa mtaa mzima, wakiimba Kingoni. Mimi nilibeba moja kichwani, juu ya ngata ya kanga. Fundi alilipokea, akaligonga mahali pake ukutani.

"Hili la nani?"

"Letu!" nilipaza sauti, na vigelegele vikalipuka.

Sikujua kusoma hata jina langu, lakini nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara, kama mwenye mji.